Chaivu mbichi: umpe msafirishaji, uipeleke hotelini, au uishushe sokoni?

Jani la chaivu (chives kwa Kiingereza) ni mrija mwembamba. Ukilikata, linabaki na mdomo wazi upande wa chini, na tone la maji likiingia humo ni shida kulitoa. Likikaa kwenye kreti bila ubaridi, siku ya pili jani hilo lina utelezi, siku ya tatu linanuka, na kifungu kizima kimeharibika pamoja nalo. Tofauti kubwa kati ya mnunuzi mmoja na mwingine inaanzia hapo: ni saa ngapi zinapita kutoka kwenye kisu mpaka kwenye ubaridi, na jani litakaguliwa kwa ukali gani likifika.

Ulinganisho huu unamhusu mkulima mwenye kipande kidogo, kuanzia mita 50 za mraba hadi nusu ekari, kwenye nyanda za juu za Kenya kama Limuru, Naivasha, Kinangop au Nanyuki. Huko joto la mchana mara nyingi liko kati ya nyuzi 17 na 25, na hapo ndipo chaivu hustawi. Wanunuzi ni watatu: kampuni inayosafirisha nje kwa ndege, jikoni za hoteli na mikahawa, na soko la wazi. Supamaketi tutaigusa njiani. Wakulima wengi huanza kwa kuuliza bei ya kilo. Anza na swali jingine: kati ya kilo kumi utakazokata, ni ngapi zitalipwa?

Hakikisha una mmea anaoutaka mnunuzi

Wengine huita chaivu "kitunguu majani", na hapo ndipo mkanganyiko huanzia, kwa sababu sokoni vitunguu vya majani ni vile vyenye shingo nyeupe na majani manene. Chaivu yenyewe ina majani ya mviringo yenye uwazi ndani, membamba kama kijiti cha kiberiti au zaidi kidogo, na maua ya zambarau. Iko ndugu yake yenye majani bapa, yasiyo na uwazi, inayonukia kitunguu saumu na kutoa maua meupe. Hiyo ya bapa ndiyo inayotakiwa na mikahawa ya Kichina jijini Nairobi, kwa sababu huijaza kwenye maandazi yao ya nyama. Mpishi wa vyakula vya Kizungu akiletewa hiyo ataikataa, na mpishi wa Kichina akiletewa ile ya mviringo atafanya vivyo hivyo. Muulize mnunuzi kabla ya kununua mbegu. Ununue mbegu za msimu huu pia, kwani mbegu za chaivu hupoteza uhai haraka, na pakiti iliyokaa dukani miaka miwili inaweza kukuachia kitalu kitupu.

Ukataji: yanayofanana kwa wote

Miche ikishahamishiwa shambani, mkato wa kwanza huja baada ya miezi miwili hadi mitatu. Usiuhesabu kama mauzo. Majani yake huwa membamba na hayalingani, lakini kuyakata kunalifanya shina litawanyike na kutoa machipukizi mengi. Baada ya hapo, kukiwa na maji na mbolea ya kutosha, kata kila wiki tatu hadi nne. Kwenye baridi ya Julai inaweza kufika wiki tano au sita.

Kata kwa kisu kikali sana au mundu mdogo, sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo. Kipimo hiki kina sababu pande zote mbili. Ukishuka chini zaidi unakata sehemu nyeupe ambako chipukizi hutokea, na shina linachelewa kurudi. Ukipanda juu zaidi, vile visiki vinaendelea kurefuka kutoka chini, na mkato unaofuata unajaa majani yenye ncha butu, zilizokauka kama zimeunguzwa na moto. Mpishi anaweza kulisamehe jani hilo. Mkaguzi wa mzigo wa nje hasamehi.

Saa ya kukata ina mvutano wake. Alfajiri kuna ubaridi lakini kuna umande. Saa sita hakuna umande lakini jani limenywea. Nafasi ni ndogo: kuanzia umande unapokauka, kwa kawaida kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu asubuhi, hadi saa nne. Usimwagilie jioni ya kuamkia siku ya kukata kama unatumia vinyunyizio vya juu. Kama una mipira ya matone, maji yaende mizizini jana yake mchana, ili asubuhi jani liwe limejaa maji ndani lakini kavu nje.

Shika fungu kwa mkono wa kushoto, kata kwa mkupuo mmoja, kisha litikise likiwa limeelekea chini. Majani mafupi na ya manjano yatadondoka yenyewe. Kazi hiyo ya sekunde mbili hupunguza sana muda wa kuchambua mezani. Vikonyo vya maua ving'oe hapohapo. Ni vigumu kama waya na havilainiki hata vikikatwa vidogo. Usioshe. Chaivu iliyooshwa inapendeza kwa saa chache, halafu ule mrija unakufanyia yale tuliyoanza nayo.

Kumbuka visiki ulivyoacha shambani navyo vina midomo wazi. Usivifungulie maji ya juu siku hiyo. Siku ya pili weka mbolea ya naitrojeni ya CAN kiasi cha gramu 10 kwa mita ya mraba kati ya mistari, si juu ya mashina, kwa sababu punje ikiingia kwenye kisiki inaunguza chipukizi. Ukizidisha naitrojeni jani linakuwa laini mno, linalala, na kuvunjika njiani.

Msafirishaji wa nje

Uzuri wake ni kiasi. Huyu ndiye pekee anayeweza kuchukua kilo mia kwa wiki kutoka kwa mkulima mmoja, na kwa kawaida lori lake au la kikundi chenu huja kuchukua. Ugumu wake ni kwamba unauza jani pamoja na rekodi zake.

Kampuni itakutaka uwe chini ya cheti cha GLOBALG.A.P., kiwango cha kimataifa cha kilimo salama, mara nyingi kupitia kikundi cha wakulima, na ufuate kiwango cha Kenya KS 1758. Kwa vitendo maana yake ni daftari la kila dawa iliyonyunyizwa, tarehe na kipimo. Matokeo ya kupima maji. Choo na mahali pa kunawa mikono karibu na shamba. Na samadi iliyooza vizuri, kamwe si mbichi, kwa sababu chaivu huliwa bila kupikwa. Mzigo hukaguliwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla ya kupewa cheti cha afya ya mimea.

Wakulima wadogo huanguka kwenye mambo mawili hasa. La kwanza ni thiripi. Mdudu huyu ni mdogo kuliko punje ya ufuta, hujificha pale majani yanapoachana chini ya shina, na huacha michirizi ya rangi ya fedha. Nchi inayopokea ikikuta wadudu hai, shehena nzima inaweza kuzuiwa au kuharibiwa, na wewe hulipwi. Piga fungu la majani juu ya karatasi nyeupe siku tatu kabla ya kukata. Vijidudu vikitembea juu ya karatasi, usikate kwa ajili ya nje. La pili ni mabaki ya dawa. Umoja wa Ulaya, pale ambapo haukuweka kiwango maalumu cha dawa fulani kwa zao fulani, hutumia miligramu 0.01 kwa kilo, kiasi ambacho ni karibu na sifuri. Dawa iliyosajiliwa kwa vitunguu si lazima iwe imeruhusiwa kwa chaivu. Na kwa kuwa unakata kila wiki tatu au nne, dawa yenye siku 21 za kusubiri inakuachia siku chache mno, au haikuachii hata moja.

Ukaguzi wa umbo nao ni mkali: urefu unaolingana kadiri ya mkataba, rangi ya kijani iliyokolea, bila ncha za manjano, bila madoa ya kutu, bila majani yaliyovunjika. Kwa mkulima anayeanza, kukataliwa robo au theluthi ya mzigo si ajabu. Ndiyo maana mkataba uwe wa maandishi, na useme mambo matatu waziwazi: bei ni ya kilo iliyopokelewa au iliyopelekwa, nani anashuhudia uchambuzi, na utaletewa karatasi ya kukataliwa ndani ya siku ngapi. Mkulima asiyepata karatasi hiyo hajui kama alikosea kisu, thiripi au lori lililochelewa, na mkato unaofuata atarudia kosa lilelile.

Mahitaji hupanda na kushuka. Majira ya baridi ya Ulaya, chaivu ya mashamba yao imelala ardhini, kwa hiyo Oktoba hadi Aprili ndiyo miezi ya kuagiza. Kuanzia Juni wao wenyewe wanavuna, na oda hupungua.

Hoteli na mikahawa

Mpishi hutaka kidogo, mara kwa mara, kwa bei nzuri. Jikoni moja linaweza kumaliza kilo moja hadi tatu kwa wiki, na ndiyo maana mkulima wa hoteli anahitaji majikoni kadhaa, si moja. Hapa jani jembamba na laini ndilo lenye sifa. Urefu si shida sana, kwa vile litakatwakatwa, ila kifungu kiwe kimepangwa chini kwa usawa ili mpishi akiweke ubaoni na kukikata moja kwa moja. Vifungu vya gramu 25 hadi 50 vyenye rababendi isiyobana ndivyo vinavyokwenda. Rababendi ikibana, mirija inapondeka na kuoza mahali palipobanwa.

Hatari yake haiko kwenye ukaguzi. Iko kwenye siku. Ukikosa kufika Alhamisi moja, mpishi atampigia mwingine, na huyo mwingine atabaki. Kwa hiyo gawa shamba kwa vipande. Kanuni ni rahisi: zidisha wiki za kuchipua upya kwa idadi ya safari za wiki. Ukihitaji wiki nne kuchipua na unapeleka Jumatatu na Alhamisi, una vipande vinane, kila safari ina kipande chake. Ongeza viwili vya akiba kwa ajili ya baridi na mvua ya mawe.

Malipo huchelewa. Siku 30 ni kawaida, 60 si jambo geni. Omba LPO (oda rasmi ya maandishi) kabla ya kupeleka, jiandae kutoa risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, na amua mapema utasimamisha mzigo deni likifika kiasi gani. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu mkulima mdogo hafilisiki kwa kukosa mauzo, hufilisika akiwa na mauzo ambayo hajalipwa. Hoteli za Diani na Mombasa hupoa Aprili hadi Juni, wakati wa masika. Za Nairobi, zinazotegemea mikutano, hutulia Desemba mwishoni.

Supamaketi inakaa katikati: inakagua kama msafirishaji, inalipa polepole kama hoteli, na mara nyingi inakurudishia ambayo haikuuzika. Kwa shamba chini ya robo ekari hatuishauri, isipokuwa uende kupitia mtu mwenye chumba baridi na mashine ya kufungashia.

Soko la wazi

Hapa hakuna mengi ya kusema. Kwenye masoko mengi chaivu inawekwa kando ya vitunguu vya majani, ambavyo ni vikubwa, rahisi na vinajulikana, na mama mboga hawezi kumweleza kila mteja kwa nini kifungu kidogo kina bei kubwa. Jani linakaa juani, na kufikia saa tisa alasiri limelegea. Soko la City Park, Parklands jijini Nairobi, ni tofauti, kwa sababu wateja wake huzijua mboga hizi na huziulizia kwa majina. Fedha ni taslimu, na hilo lina thamani yake wiki ambayo hoteli haijalipa. Lichukue soko kama mahali pa kupeleka ziada.

Kwa macho ya haraka

| | Msafirishaji | Hoteli | Soko la wazi |
|---|---|---|---|
| Kiasi kwa wiki | Makumi ya kilo hadi mamia | Kilo chache kila jikoni | Haitabiriki |
| Kinachokataliwa | Thiripi, ncha butu, urefu usiolingana | Vikonyo vya maua, jani gumu au lenye utelezi | Jani lililolegea |
| Ubaridi | Ndani ya saa moja, kila siku | Ndani ya saa moja hadi mbili | Kivuli na kitambaa chenye unyevu juu ya kreti |
| Usafiri | Mara nyingi wao | Wewe | Wewe |
| Malipo | Baada ya uchambuzi | Kwa mkopo | Papo hapo |

Ubaridi, ambao ndio unaoamua

Chaivu hupumua kwa kasi hata baada ya kukatwa. Ikihifadhiwa karibu na nyuzi 0 penye unyevu mwingi hewani hukaa wiki mbili au zaidi. Ikiachwa kwenye nyuzi 20 ni siku moja au mbili tu. Haiogopi baridi kama rehani inavyoiogopa. Rehani huwa nyeusi chini ya nyuzi 10 hivi, kwa hiyo mazao haya mawili yasikae chumba kimoja, hata kama mpishi ameyaagiza pamoja. Isitoshe, harufu ya chaivu huingia kwenye kila kitu kilicho jirani.

Mkulima mdogo hana haja ya kuanza na mashine. Chumba cha kuta mbili za wavu zilizojazwa mkaa, unaomwagiwa maji yatiririke polepole, hushusha joto kwa nyuzi kadhaa. Kinafanya kazi vizuri penye hewa kavu kama Naivasha na Nanyuki. Limuru wakati wa ukungu hakifanyi kitu, kwa sababu maji hayapati pa kuvukizia. Huko tumia kreti yenye kifuniko na chupa za barafu zilizozungushiwa gazeti, majani yasiguse chupa. Mtihani ni huu: ingiza kidole katikati ya kreti saa mbili baada ya kukata. Pakiwa na joto, ulijaza kreti kupita kiasi na majani yanajipika yenyewe. Nusu kreti inatosha.

Kama huwezi kuifikisha chaivu kwenye ubaridi ndani ya saa moja, msafirishaji si mnunuzi wako kwa sasa, hata akikupa bei gani.

Hesabu mbili

Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme umekata kilo 20. Msafirishaji analipa shilingi 250 kwa kilo na anapokea kilo 14: unapata 3,500, sawa na 175 kwa kila kilo uliyokata. Hoteli inalipa 600 lakini imeagiza kilo 6: ni 3,600, toa 800 za usafiri, unabaki na 2,800. Ukigawa kwa kilo 20 ulizokata, ni 140. Yule mwenye bei kubwa amekulipa kidogo. Lakini ungekata kilo 6.7 tu, ukachambua na kupata zile 6, kila kilo iliyokatwa ingekuletea karibu 420. Hoteli inalipa vizuri kwa anayekata kadiri ya oda, na inamtesa anayekata shamba zima halafu akaanza kupiga simu.

Hesabu ya pili ni ya eneo. Kabla ya kusaini chochote kata mita moja ya mraba, chambua kwa ukali wa mnunuzi wako, upime kinachobaki. Tuseme ni gramu 600. Oda ya kilo 3 mara mbili kwa wiki inahitaji mita 5 kila safari. Kwa vipande vinane ni mita 40, na akiba ya vile viwili inafika 50. Hilo ni eneo la bustani ya nyuma ya nyumba. Nusu ekari, ukishatoa njia kati ya matuta, ina kama mita 1,300 za kukata, na kwa kipimo hichohicho inatoa karibu kilo 195 kila wiki. Hakuna mpishi atakayezimaliza. Aliyepanda nusu ekari bila mkataba wa nje amepanda zao la kutupa.

Uchague yupi

Chini ya mita 300, ukiwa ndani ya saa mbili kutoka mjini: hoteli, na usihangaike na vyeti vya nje. Weka daftari la dawa hata hivyo, kwa sababu jikoni kubwa nazo zimeanza kuuliza.

Robo ekari na zaidi, penye kikundi chenye cheti na chumba baridi cha pamoja: msafirishaji, pamoja na hoteli mbili tatu za kupokea majani mazuri ambayo urefu wake haukufika. Usigeuze hesabu hiyo, yaani kumpa msafirishaji masalia ya hoteli. Ataijua siku ya kwanza.

Uko mbali, barabara ni ya matope masika yote, na hakuna lori la kikundi: panda mboga nyingine kwanza, na chaivu iwe tuta mbili za kujifunzia.

Ukishachagua, panga na siku ya kugawa mashina. Baada ya miaka miwili hadi mitatu kichaka hujibana, majani yanakuwa membamba kama nywele na katikati panakufa. Ng'oa, gawanya vipande vya machipukizi matano hadi kumi, panda tena kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 25 mahali ambapo hapakuwa na vitunguu wala saumu. Kwa anayeuza nje, fanya hivyo Juni wakati oda zimepungua, na umwambie mnunuzi mwezi mmoja kabla, maana tuta lililogawanywa halikatwi kwa wiki nane.